Barabara ya Harry Thuku na Mama Aliyedai Suruali

 Leo katika kipindi hiki cha historia nilikuwa nimeandaa habari za reli, lakini reli itasubiri hadi juma lijalo. Kuna ujumbe umeingia kutoka kwa msikilizaji wetu mmoja wa Kisumu. Anasema shemeji zake wanakuja kutoka Moshi, ni mara yao ya kwanza kuiona Nairobi. Twiga wa Lang'ata ameshawapangia, Bomas ameshawapangia, na mbuga wataingia alfajiri. Imembakia nusu siku na jioni moja katikati ya mji. Anauliza awapeleke wapi wakaone mambo ya kale, kisha usiku wapate burudani, bila kuzungushwa na teksi mji mzima.

Shemeji wa watu, umeuliza katika juma lenyewe! Juma hili lina tarehe 16 Machi. Wapeleke Barabara ya Harry Thuku. Kwa miguu. Waanzie pale Central Police, karibu na University Way, wapande taratibu wakipita Chuo Kikuu cha Nairobi, wafike palipo na Kenya National Theatre upande mmoja na hoteli ya Norfolk upande wa pili, wazitazame hizo mbili zinavyoangaliana, kisha waendelee hadi jengo la redio, Broadcasting House. Mwendo wenyewe hauchoshi hata mzee. Lakini katika kipande hicho kidogo cha lami mmelala mambo ya miaka mia na zaidi, na wengi wetu tunapita pale kila siku tukikimbilia matatu.

Habari za Thuku mnazijua, tulizisoma shuleni: kijana wa Kambui aliyekuwa akipokea simu katika ofisi ya serikali, akaanzisha East African Association mwaka 1921, akapinga kipande, akapinga kodi ya kibanda, akapinga walowezi walipokubaliana kupunguza mishahara kwa theluthi moja. Ninalotaka mlishike ni hili ambalo halisemwi sana: alipaza sauti juu ya wasichana na kina mama waliokuwa wakikusanywa na machifu kwenda kufanya kazi ya lazima katika mashamba ya walowezi. Ndiyo maana wanawake walimpenda kuliko alivyopendwa na wazee wengi. Wakampa jina la sifa kwa Kikuyu, Munene wa Nyacing'a, yaani mkuu wa wasichana. Na karatasi yake ya habari aliitoa kwa Kiswahili, ikaitwa *Tangazo*, kwa sababu alitaka Mkikuyu, Mkamba, Mluo na Mganda aliyekuwa akifanya kazi Nairobi waisome wote. Mwaka 1921 huo, wasikilizaji! Kiswahili tayari kilikuwa kikifanya kazi ya siasa mjini humu.

Tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa. Tarehe 15 wafanyakazi wakaanza kuacha kazi. Tarehe 16 asubuhi kituo cha polisi alikofungiwa kimezungukwa na maelfu ya watu, wengine wanakadiria 7,000 hadi 8,000. Nairobi ya wakati ule ni mji mdogo. Umati wa namna hiyo ni kama mji mzima umehama. Wakachagua wajumbe sita, wakaenda kumwona Bowring, mkubwa wa serikali ya koloni. Wajumbe wakarudi na maneno ya kutuliza: Thuku hatadhuriwa, nendeni nyumbani. Na kweli, wanaume wakaanza kugeuka. Baadhi walishaanza kuondoka.

Hapa sasa ndipo uwasimamishe shemeji zako, wasiende haraka.

Kulikuwa na wanawake katika umati ule, mia na ushee hivi, na hawakuridhika. Walihisi wanaume wamenunuliwa kwa maneno matamu. Akatoka mbele mmoja wao, Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke wa Weithaga, Murang'a, aliyekuwa akiishi Nairobi na binti yake wa kambo. Akainua nguo yake juu, mbele ya wanaume wote wale, mbele ya askari wenye bunduki. Akawaambia wanaume waichukue nguo hiyo waivae wao, nao wampe yeye suruali zao. Wanangoja nini, na kiongozi wao yumo ndani?

Nimeisimulia habari hii mara nyingi, na nitaisimulia tena nikiitwa. Kwa Wakikuyu, na kwa makabila mengi tu ya hapa kwetu, mwanamke mtu mzima akikuonyesha uchi wake kwa makusudi hilo si suala la aibu yake. Ni laana juu yako wewe uliyeona. Ni silaha ya mwisho, na haitolewi kwa mchezo. Wale wanaume waliokuwa wakielekea nyumbani walijua vizuri maana yake. Kina mama wakapiga vigelegele, umati mzima ukageuka, ukasogea langoni hadi mbele ya singe za askari.

Kisha risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Ripoti ya serikali ilisema waliokufa ni 21, wanne wao wanawake. Wafanyakazi wa chumba cha maiti walihesabu miili 56. Na masimulizi ya walionusurika yanasema risasi hazikutoka kwa askari peke yao, kwamba Wazungu waliokuwa wamekaa kwenye kibaraza cha Norfolk nao walifyatua. Hoteli ile ilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904, na mwaka 1909 Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alifikia pale katika safari yake ya kuwinda. Watalii husimuliwa Roosevelt. Wageni wenu wakiagiza chai pale, wasimulieni na hawa wengine.

Subiri kidogo, naona simu inawaka. Ni mama kutoka Nyeri. Haya, mama, nimekusikia, ngoja niwarudishie wasikilizaji swali lako maana laini inakatika. Mama anauliza: huyu Thuku tunayemsifu, si ndiye aliyekuja kuwageuka Mau Mau? Mbona barabara ipewe jina lake?

Mama, umeshika pabaya, na nashukuru umepashika. Turuke miaka. Thuku hakushtakiwa mahakamani. Alipelekwa uhamishoni moja kwa moja, Kismayu. Mwaka 1925 Waingereza wakawapa Waitaliano nchi ya Juba, na Kismayu ikaenda nayo, kwa hiyo mfungwa wao akahamishwa: akaonja Lamu, akaonja Witu, mwisho Marsabit. Aliachiliwa mwishoni mwa mwaka 1930. Karibu miaka tisa, bila hukumu! Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Mwaka 1935 akaunda chama chake, Kikuyu Provincial Association, cha watu walioahidi kuwa watiifu kwa serikali. Akawa mkulima mkubwa wa kahawa. Na Desemba 1952, hali ya hatari ikiwa imetangazwa, alizungumza redioni akawalaani Mau Mau. Ndiyo, mama. Redioni. Kwa wazazi wetu waliokuwa na watoto msituni, sauti ile iliuma, na kuna familia ambazo hadi leo zinalitamka jina lake kwa shida.

Mimi nina msimamo wangu, na mama una haki ya kuukataa. Thuku wa 1922 alistahili barabara. Lakini siku ile iliyoipa barabara hiyo maana yake, yeye alikuwa ndani ya seli. Waliokuwa nje ndio waliolipa. Kwenye kibao cha barabara jina la Nyanjiru halimo, na mimi nasema lilistahili kuwamo, tena kwa herufi zilezile. Kina mama wa wakati ule hawakungoja kibao. Walimtungia wimbo, *Kanyegenuri*, na wakoloni wakaupiga marufuku. Serikali haipigi marufuku wimbo usioitisha.

Na silaha yake haikuzikwa naye. Twende mbele miaka 70, kutoka Machi hadi Machi. Mwaka 1992, Uhuru Park, mwendo mfupi tu kutoka pale, akina mama wa wafungwa wa kisiasa wamegoma kula wakidai wana wao, Wangari Maathai yuko nao. Tarehe 3 Machi polisi wanawavamia kwa marungu na gesi. Akina mama wazee wakavua nguo. Wale vijana wa polisi waligeuza nyuso, walijua wanalaaniwa na mama zao. Kina mama wakahamia All Saints' Cathedral wakakaa karibu mwaka mzima, na wengi wa wana wao wakaachiliwa. Kwa hiyo ndugu wa Kisumu akiwa na muda, baada ya Harry Thuku awashushe wageni hadi Freedom Corner, ile kona ya Uhuru Park.

Nimetangatanga. Turudi kwenye burudani, maana ndugu wa Kisumu aliuliza burudani.

Kenya National Theatre ilifunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule wa hali ya hatari, na kwa miaka mingi hata baada ya uhuru michezo ya kigeni ndiyo iliyotamba pale. Mwaka 1976 Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo walikuwa na mchezo wao juu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ule ambao kwa Kiswahili tunaujua kama *Mzalendo Kimathi*, na Francis Imbuga alikuwa na *Betrayal in the City*. Michezo hiyo miwili ndiyo ingeiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC kule Lagos. Ikabidi waombe nafasi katika ukumbi wa taifa lao, na walizopewa zilikuwa siku nane kwa michezo yote miwili, kwa sababu wageni walikuwa wameshapangiwa. Hebu fikiria! Watu wakajaa hadi pomoni. Usiku wa Kimathi watazamaji walisimama wakaimba na waigizaji, wakatoka wakicheza ngoma hadi nje, wakiielekea Norfolk. Wakacheza kwenye barabara ileile.

Mwaka 1982 kundi la maigizo la Kamĩrĩĩthũ, lililofanya kazi na Ngũgĩ, likaja na mchezo wa *Maitũ Njugĩra*, likakuta milango ya ukumbi imefungwa. Wakahamia chuoni, mlango wa pili tu, wakafanyia mazoezi hadharani, watu wakaja kwa maelfu hadi walipofukuzwa na huko pia. Ilikuwa Februari. Tarehe 1 Agosti mwaka huohuo, barabara hiyohiyo, wanajeshi waasi wanaingia Broadcasting House, wamemtoa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake Ngara alfajiri, wanamtaka aitangazie nchi kwamba serikali imepinduliwa. Mwalimu wetu huyu, mwana wa Mombasa, mtu wa *Je, Huu ni Uungwana?*, alikaa mbele ya kipaza sauti akiwa amezungukwa na bunduki, akasoma. Kabla ya jua kuzama alikuwa hewani tena, safari hii kutangaza kwamba serikali imerudi. Sisi tunaokalia viti hivi tunamkumbuka kila tunapowasha taa nyekundu.

Kwa hiyo, ndugu wa Kisumu, panga hivi. Wageni wafike Central saa tisa alasiri, jua likiwa limepungua. Wapande polepole, wasimame pale nilipowaambia. Chai Norfolk kama mfuko unaruhusu. Kama hauruhusu, kuna vibanda karibu na chuo na chai yake ni nzuri. Jengo la ukumbi lilikarabatiwa likafunguliwa upya mwaka 2015, na sasa vikundi vyetu vinaigiza humo kwa Kiswahili, kwa Kikuyu, kwa Sheng. Angalieni bango la mlangoni kuna mchezo gani jioni hiyo, na mkate tiketi kabla ya kwenda kula, maana mwisho wa juma viti huisha.

Na mvua ikianza, kwa kuwa masika yako mlangoni, msihangaike. Teremkeni hadi Moi Avenue muingie Kenya National Archives. Jengo la mwaka 1906, zamani lilikuwa benki. Ghorofa ya chini kuna mkusanyo wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais, mtu aliyenunua sanaa ya Afrika maisha yake yote: vinyago, nguo, vito, silaha. Shemeji wa kike wakiingia pale kwenye vito, tengeni saa nzima.