Mukuru na Amri za Kuupanga Mji



Kila mji mkubwa huwa na amri zisemazo mahali gani pajengwe nyumba za kukaa, mahali gani pawe pa viwanda, na barabara iwe na upana gani. Watu wengi hudhani kuwa hayo ni mambo ya wapima ardhi na makarani tu. Walakini kwa mtu wa mshahara mdogo, karatasi hiyo ndiyo iamuayo kama atapata chumba karibu na kazi yake, au ataondolewa.

Nairobi imelijua jambo hili tangu zamani. Mpango mkuu wa mwaka 1948 uliugawa mji kwa mitaa, kila mtaa na kazi yake. Baadaye sheria za ujenzi za mwaka 1968 zilifuata mno desturi za Uingereza, hata ikawa vigumu kujenga kwa halali chumba ambacho kibarua aweza kukilipia kodi. Sheria hizo zililegezwa mwaka 1995, lakini wakati huo maskini walikuwa wamekwisha jenga nje ya sheria.

Mukuru, karibu na viwanda vya kusini-mashariki ya mji, ni mfano ulio wazi. Katika miaka ya 1970 na 1980 sehemu kubwa ya ardhi yake waligawiwa watu binafsi na makampuni ili wajenge viwanda vidogo. Viwanda vingi havikujengwa, na vyumba vya mabati vikajaa mahali pake. Mwenye hati ya ardhi yuko mbali. Mwenye kibanda hupokea kodi. Na wapangaji, ambao ndio walio wengi, hawana karatasi yo yote.

Mwezi wa Agosti 2017 Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa Eneo la Mpango Maalum. Maana yake ni kwamba ujenzi mpya ulizuiliwa kwa miaka miwili mpango ukitungwa, na tena kanuni za kawaida zingeweza kuwekwa kando, zikaandikwa nyingine zilingane na hali ya mahali. Jamaa walioguswa walikuwa kama 100,000.

Faida ya kubadili kanuni yaonekana katika barabara. Mtaani kwa wenye nafasi, njia ya mita tisa hula ua la maua. Mukuru, njia hiyo hiyo hula nyumba za watu. Mtu akifuata kitabu neno kwa neno, hatahitaji amri ya kuwafukuza wenyeji: rula yake yatosha. Ndiyo sababu watunga mpango walitaka njia nyembamba zaidi, ili wachache tu wahame.

Wenyeji wenyewe waliulizwa, wakipangwa nyumba kumi kumi. Muungano wa Wanavijiji, ulioanza mwaka 1996, ulisaidia sana kazi hiyo. Katika kuhesabu, ilionekana kuwa mkazi wa Mukuru anunuaye maji kwa mtungi huyalipia zaidi kuliko mtu wa mtaa wa fahari mwenye mfereji nyumbani. Wanaosema maskini huishi bure mjini wangelitazama hesabu hiyo.

Tangu mwaka 2020 barabara na mifereji ilianza kutengenezwa. Lakini mwezi wa Novemba 2021 matingatinga yalibomoa nyumba za Mukuru kwa Njenga ili kupitisha barabara, na maelfu ya watu wakalala nje. Tangazo la 2017 lilikuwa limemzuia mwenye hati. Wakubwa wa barabara halikuwazuia.

Liko na jambo la kodi. Mpango waweza kukifanya chumba kidogo kuwa halali, wala hauwezi kusema kitalipiwa shilingi ngapi. Njia ikiisha, na taa zikiwaka, mwenye kibanda hupata sababu ya kupandisha kodi, na mpangaji aliyehudhuria mikutano yote ya mpango huenda akawa wa kwanza kufunga mizigo yake.