Kuandika Kila Siku na Kujitangaza: Safari ya Mwandishi wa Kiswahili Mtandaoni

Mwaka 2005, Muhidin Issa Michuzi, mpigapicha wa gazeti la Daily News la Dar es Salaam, alikuwa Helsinki, Finland, kikazi. Huko alikutana na Ndesanjo Macha, ambaye mwaka mmoja kabla yake alikuwa ameanzisha Jikomboe, mojawapo ya blogu za mwanzo kabisa za Kiswahili. Macha akamsaidia kufungua blogu yake mwenyewe. Michuzi aliporudi nyumbani aliiendesha kwa mazoea ya chumba cha habari: cha leo kinatoka leo. Picha moja na maelezo mistari miwili, kesho tena, keshokutwa tena. Misiba, harusi, mikutano ya siasa, watu waliokutana uwanja wa ndege. Watanzania walioko ughaibuni wakazoea kuifungua kila asubuhi ili wajue nyumbani kumeamkaje, na baada ya miaka michache jina la Michuzi likawa linajulikana hata kwa watu ambao hawajawahi kushika Daily News.

Mada hii ina hoja moja. Kwa anayeandika Kiswahili mtandaoni, kuandika kila siku na kujitangaza ni kazi ileile. Msomaji humzoea mwandishi kwa kumwona akirudi. Anayejitangaza bila kuwa na kazi mpya humchosha, na anayeandika kisha akaificha kazi yake humnyima. Mifano mingi hapa inawahusu watunzi wa simulizi za mfululizo, wale wa "Sehemu ya Kwanza" na "Itaendelea", kwa kuwa vijana wengi wa Afrika Mashariki huanzia huko: Facebook na makundi ya WhatsApp, kwa simu ya mkononi na bando la kubana.

Kwanza, nidhamu. Anthony Trollope, mwandishi wa Uingereza wa karne ya 19, alikuwa mtumishi wa Posta. Aliketi mezani saa 11:30 alfajiri, akaweka saa mbele yake, akajidai maneno 250 kwa kila robo saa. Baada ya muda wa saa tatu alifunga daftari na kujiandaa kwenda kazini. Ameacha riwaya 47. Tawasifu yake ilipotoka mwaka 1883, akiwa ameshafariki, baadhi ya wahakiki walimshusha hadhi kwa kuufanya utunzi kuwa kibarua cha kuhesabu maneno. Wahakiki hao walikosea, na utafiti wa baadaye unampa haki Trollope. Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani Robert Boice alichapisha utafiti uliowalinganisha wahadhiri walioandika pale tu walipojisikia na wenzao waliobanwa na ratiba. Waliobanwa waliandika kurasa nyingi zaidi, na si hivyo tu: walipata pia mawazo mapya mengi zaidi. Msukumo wanaousubiri watunzi wengi huja mtu akiwa tayari ameshika kalamu.

Mazoea yenyewe huchukua muda kukomaa. Utafiti wa University College London ulioongozwa na Phillippa Lally, ukihusisha watu 96, ulionyesha kwamba jambo jipya lilihitaji takriban siku 66 kabla halijaanza kufanyika lenyewe bila kujilazimisha. Wapo waliochukua siku 18, na kwa wengine makadirio yalifika siku 254. La kuwatia moyo waandishi ni kwamba kukosa siku moja hakukuyaharibu mazoea. Muuguzi aliyeshindwa kuandika kwa sababu ya zamu ya usiku hana haja ya kuanza upya. Arudi tu kesho yake.

Hata hivyo, kuandika kila siku na kurusha kazi hewani kila siku ni mambo mawili, na hapa ndipo simulizi nyingi hufia. Mtunzi huja na sehemu ya kwanza iliyojaa moto. Wasomaji wanamiminika, wanamtaja kila mahali, wanadai muendelezo. Anaandika usiku, anarusha usiku huohuo bila kuisoma mara ya pili. Kufikia sehemu ya kumi na kitu, mhusika mkuu amefungiwa chumbani na majambazi na mtunzi hajui atamtoaje. Anaanza kurefusha mazungumzo. Anaomba radhi kwamba simu imeharibika. Kisha kimya, na chini ya simulizi yanabaki maswali ya wasomaji: itaendelea lini? Msomaji aliyeachwa njiani mara mbili hamwamini tena mtunzi huyo, na mara nyingi huacha kuwaamini hata watunzi wengine wachanga.

Magazeti yalikuwa na kinga dhidi ya hali hiyo. Eric Shigongo alijenga jina kwa hadithi za mfululizo katika magazeti ya Global Publishers, kampuni aliyoianzisha mwenyewe, na gazeti lina siku yake ya kutoka, lina nafasi maalumu ya hadithi, lina watu wanaosoma kabla ya kuchapa. Mwandishi wa mtandaoni hana hata kimoja kati ya hivyo mpaka ajiwekee. Ajue mwisho wa hadithi kabla ya kuanza kuitoa. Awe na akiba ya sehemu kumi zilizokamilika. Atangaze siku za kutoa, tuseme Jumanne na Ijumaa, na azitunze siku hizo kama mwenye duka anavyotunza saa ya kufungua. Siku zilizobaki aandike mbele na kurekebisha ya nyuma: asome kwa sauti, akate panapojirudia, afungue Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA anapokuwa na shaka, aondoe "xaxa" na "2po" zilizoponyoka kwenye gumzo zikaingia kwenye simulizi. Urekebishaji huo ni sehemu ya mazoezi ya kila siku sawasawa na kuandika, na kwa anayetaka kukua una uzito zaidi.

Wasomaji nao hufundisha, kama mwandishi atakubali kufundishwa. Andy Weir, mtaalamu wa programu za kompyuta wa Marekani, alikuwa amekataliwa na mawakala wa vitabu. Akaanza kuweka riwaya yake The Martian sura moja moja kwenye tovuti yake, bure. Miongoni mwa wasomaji walikuwamo watu wa sayansi waliomwandikia kumsahihisha mahesabu na kemia, naye akasahihisha. Wasomaji wakamwomba nakala inayosomeka kwenye vifaa vyao, naye akaiweka Amazon kwa senti 99 za dola, bei ya chini kabisa iliyoruhusiwa. Ikanunuliwa kwa maelfu. Shirika la uchapishaji la Crown likaitoa mwaka 2014 na filamu ikafuata mwaka 2015. Aliyeitangaza riwaya ile ni msomaji aliyekuwa ameifuata tangu sura za mwanzo na kujiona ana mkono ndani yake.

Tuje kwenye kujitangaza, jambo ambalo waandishi wengi wa Kiswahili hulionea haya. Wamelelewa kuamini kuwa mtu mstaarabu hajisifu, husifiwa. Lakini mapokeo yetu ya ushairi hayakuwahi kulificha jina la mtunzi. Malenga aliingiza jina lake, na pengine mji wake, katika beti za mwisho za utungo. Tangu gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, washairi walitumiana salamu, maswali na majibu magazetini kwa majina na lakabu zao, wakajulikana kutoka Tanga hadi Kigoma. Baadaye Ben Mtobwa, mtunzi wa riwaya za kijasusi, alianzisha Heko Publishers akachapa na kuuza vitabu vyake mwenyewe. Kuitangaza kazi iliyokwisha fanyika si majivuno.

Kinachohitajika ni kuelewa chombo kinavyofanya kazi. Ujumbe mrefu wa WhatsApp hukatwa na kuacha maneno "soma zaidi", na Facebook hufanya vivyo hivyo. Watunzi wengi huzimaliza sentensi za mwanzo zinazoonekana, zilizo za thamani kuliko zote, kwa jina la simulizi, jina la mtunzi, namba ya simu na shukrani kwa mashabiki, hivyo msomaji mpya haoni hata tone la hadithi. Hadithi ianze mara moja. Jina likae mwisho pamoja na namba ya sehemu na mahali zilipo sehemu nyingine, na lijitokeze pia katikati, kwa kuwa ujumbe ukishasambazwa kwenye kundi jingine haubebi jina la aliyeutuma kwanza. Kwenye WhatsApp, tangu Januari 2019 mtu hawezi kusambaza ujumbe kwa zaidi ya makundi au watu watano kwa mkupuo, na tangu Aprili 2020 ujumbe uliokwisha sambazwa mara nyingi huenda kwa mmoja tu. Mwandishi hawezi tena kutegemea upepo wa kusambaziwa. Anahitaji wasomaji wanaomfuata kwa hiari, hata kama ni wachache.

Zipo pia adabu za kujitangaza. Kubandika simulizi kwenye kundi la michango ya msiba ni kukosa utu. Kumtumia kila mtu faragha bila kumwomba ruhusa humfanya mwandishi azuiwe. Kuwajibu waliotoa maoni, kuwasoma watunzi wenzake na kuwataja kwa majina humletea mwandishi marafiki watakaomtaja naye.

Nyumba ya kupanga ina mwenyewe, na mtandao wa kijamii ni nyumba ya kupanga. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki mbele ya yale ya kurasa, na waliokuwa na kurasa wakaona wasomaji wanapungua. Mwaka huohuo kanuni za maudhui ya mtandaoni nchini Tanzania ziliwataka wenye blogu wawe na leseni, kwa gharama ya zaidi ya shilingi milioni mbili kuanzia, na baadhi wakafunga. Kanuni na ada zimefanyiwa marekebisho baadaye, kwa hiyo anayetaka kufungua tovuti leo aulize Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) masharti ya sasa. Kwa hali yoyote, kila sehemu ya simulizi ihifadhiwe nje ya simu, ikiwa na tarehe. Simu huibwa, akaunti hudukuliwa, na siku ya ugomvi wa hakimiliki mswada wenye tarehe ni ushahidi.

Kazi ya mtandaoni inaweza kufika mbali ikipita kwenye mikono ya wahariri. Binyavanga Wainaina wa Kenya alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2002 kwa "Discovering Home", maandishi yaliyokuwa yametoka katika jarida la mtandaoni, na mwaka uliofuata jarida la Kwani? likazaliwa Nairobi, yeye akiwa mwanzilishi. Kwa Kiswahili ipo Tuzo ya Safal-Cornell, na tangu mwaka 2023 Tanzania hutoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Mwenye riwaya nzuri asome masharti ya tuzo hizo kabla ya kuimaliza yote mtandaoni.

Kwa washiriki wa semina hii, ombi ni la vitendo. Kabla ya kuondoka hapa, kila mmoja atafute wenzake wawili wa kusomeana kazi kila wiki kabla haijarushwa, wakubaliane siku, na waanze wiki hii. Wahariri wenye uzoefu waliopo ukumbini nao wajitolee kuvisimamia vikundi hivyo, kwa sababu mhariri ndiye anayekosekana zaidi katika Kiswahili kinachosomwa kwenye simu.