KIUNGO KWANZA, MNG'ARO BAADAYE

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika kumi na tano nizungumzie uchaguzi wa vifaa vya useremala kwa mtu anayetaka kufungua karakana ndogo nyumbani kwake. Wengi wetu tumestaafu au tunakaribia, na kila tukikutana hapa hawakosekani wawili watatu wa kunivuta pembeni na kuniuliza, "Bwana, ninunue nini?" Leo nitawajibu wote kwa pamoja. Lakini jibu langu linaanza na aibu yangu mwenyewe, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Nilipostaafu nilichukua sehemu ya kiinua mgongo nikanunua mashine. Ilikuwa mashine moja yenye kazi tatu: kupasua, kuranda na kutoboa. Muuzaji aliisifu sana, nami nikaamini kwamba heshima ya fundi ni mashine. Ilipofika nyumbani, fundi umeme alisoma kibao chake akatikisa kichwa. Ilitaka umeme wa njia tatu, na nyumba yangu, kama nyumba nyingi za kuishi, ina njia moja. Ikafunikwa turubai, na kuku wakapata mahali pa kutagia.

Mtu aliyekwisha kupoteza fedha namna hiyo hapendi kuonekana mjinga mbele ya watu wake. Nikaazima msumeno, nikanunua misumari, nikamtengenezea mama yangu kiti cha mninga. Mapengo ya viungo niliyaziba kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Nikapiga msasa, nikapaka vanishi mara tatu. Kiti kiling'aa, wageni wakakisifu. Mwezi wa nne, mama alipokuwa akikiegemea ili ainuke, mguu wa nyuma ulichomoka. Alianguka akavunjika kifundo cha mkono. Alikuwa na umri wa miaka 84. Pale hospitali, mkono ukiwa kwenye plasta, aliniambia, "Lakini mwanangu, kiti kilikuwa kizuri." Ndugu zangu, angenigombeza ningepata nafuu.

Kosa lilikuwa wapi? Msumari uliopigwa kwenye kichwa cha ubao, pale nyuzi zinapoishia, haushiki vizuri. Kila mtu anapoegemea, kiti hucheza kidogo, na kila kinapocheza tundu la msumari hupanuka. Kiungo cha tundu na ulimi hakitegemei msumari. Ulimi wa ubao mmoja huingia ndani ya mwili wa mwenzake, na gundi hushika pande mbili pana. Hayo tulifundishwa hapa hapa, katika karakana ile pale, mwaka 1975. Niliyasahau kwa kuwa nilikuwa nimeupenda mng'aro.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: fedha yako ya kwanza iende kwenye vifaa vya kutengenezea kiungo. Nitavitaja kwa utaratibu wa kazi.

Kwanza ni kupima na kuchora. Nunua rula ya chuma, guni, mahati na kisu chembamba cha kuchorea. Mstari wa penseli una unene. Wa kisu hauna, na patasi hukaa ndani yake bila kuteleza. Guni ijaribiwe dukani kabla ya kulipa. Iegemeze kwenye ukingo wa ubao ulionyooka, chora mstari, kisha igeuze upande wa pili na uchore tena kutoka pale pale. Mistari ikilingana, guni ni ya kweli. Ikiachana, mrudishie mwenye duka, kwa maana guni ya uongo itazaa viti vya uongo maisha yako yote.

Pili ni kukata. Kwa viungo, tafuta msumeno mfupi wenye mgongo wa chuma, wenye meno 12 hadi 14 kwa inchi. Msumeno mkubwa wa kupasulia mbao unaweza kumwachia mwenye kiwanda cha mbao, akupasulie kwa kipimo chako.

Tatu ni patasi. Usinunue seti ya patasi kumi na mbili kwa sababu tu sanduku lake ni zuri. Tatu zinatosha kuanzia: za milimita 6, 12 na 25. Kanuni ya zamani ni kwamba tundu liwe karibu theluthi moja ya unene wa ubao. Ubao wa milimita 18 huchukua patasi ya 6, na wa milimita 36 huchukua ya 12. Ile ya 25 ni ya kusawazisha. Hapo hakuna haja ya kubahatisha.

Nne ni randa. Ukiwa na uwezo wa kununua moja tu, chukua ya chuma, ile inayojulikana kama namba 5, yenye urefu wa inchi 14 hivi. Inatosha kunyoosha ukingo, na ikinolewa vizuri hulainisha pia. Ya mtumba isiyokuwa na ufa ni bora kuliko mpya ya chuma laini. Kutu si ugonjwa wa kuua, ufa ndio.

Tano ni vibanio na gundi. Ile gundi nyeupe ya mbao ni nzuri kwa vitu vya ndani, ila kiungo kibanwe angalau nusu saa, na kiachwe siku nzima kabla ya kutwishwa mzigo. Kwa kiti kinachokaa nje kwenye mvua, tafuta gundi isiyoogopa maji. Vibanio vinne ndio mwanzo.

Sita, ambalo ningeweza kulitaja la kwanza, ni kunoa. Patasi mpya kutoka dukani haijawa patasi. Sawazisha mgongo wake mpaka ung'ae karibu na ncha, kisha noa makali kwa mwinamo wa digrii 25 hadi 30. Asiye na fedha ya jiwe zuri abandike msasa wa maji namba 400, 1000 na 2000 juu ya kipande cha kioo kinene. Kazi ni ile ile. Wanaofanyia kazi mvule na mtiki wajiandae kunoa mara kwa mara. Mvule huweza kuwa na mawe madogo ya chokaa ndani yake, na mtiki una chembe kama za mchanga. Ukiona patasi imekataa, usiongeze nguvu. Vidonda vingi vya useremala hutokana na kifaa butu kinachosukumwa kwa hasira.

Mnajua usemi kwamba mchagua jembe si mkulima. Ni kweli kwa anayechagua ili asilime. Lakini hata mkulima hodari hutazama kwanza kama jembe limekaza kwenye mpini.

Sasa nije kwenye umaliziaji, ambao siudharau hata kidogo. Pwani yetu ina historia yake katika jambo hili. Katika karne ya 19 sandarusi iliyochimbwa ardhini huku bara ilipitia Zanzibar ikasafirishwa mpaka Salem, Marekani, na vanishi ikatengenezwa kwayo. Samani za watu wa mbali ziling'aa kwa jasho la wachimbaji wetu.

Vifaa vya umaliziaji ni vichache na si vya gharama. Tafuta bamba jembamba la chuma la kukwangulia. Mafundi wengi wa mitaani hutumia kipande cha kioo kilichovunjika, nacho hufanya kazi, lakini bamba hukaa miaka na halikati vidole. Kisha msasa: anza na namba 80 ikiwa ubao una mikwaruzo, fuata 120, 180, umalizie na 240, kila mara ukifuata nyuzi za ubao. Usiruke namba, maana vanishi haifichi mikwaruzo bali huionyesha. Pangusa vumbi. Mtiki una mafuta. Ufute kwa spiriti kabla ya gundi na kabla ya vanishi. Mpako wa kwanza wa vanishi ya mafuta uzimuliwe kwa tapentaini ili unywewe na mbao. Inayofuata iwe miembamba, na msasa laini upite katikati.

Maonyo mawili. Tambara lililolowa mafuta ya kitani usilikunje ukalitupa pembeni. Hupata moto lenyewe na linaweza kuunguza nyumba. Litandaze nje likauke, au litumbukize kwenye maji. La pili ni vumbi. Mwaka 1995 wataalamu wa saratani walio chini ya Shirika la Afya Duniani waliliweka vumbi la mbao katika kundi la visababishi vya saratani. Sisi wazee tulilivuta bila kujua. Vaa barakoa, na mjukuu anayekuja kukutazama naye avae.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia. Asubuhi ya leo niliingia karakana ya shule. Meza zetu zipo. Patasi nilizoziona zimemegeka ncha, na jiwe la kunolea sikuliona. Nimesikia pia kwamba Umoja wetu unafikiria kuchanga fedha za mashine moja kubwa ya umeme. Siipingi mashine. Naomba tu kwamba kabla ya kuinunua tuulize jengo lina umeme wa njia ngapi, na kwamba fungu la kwanza la mchango liwape vijana hawa mawe ya kunolea, guni za kweli, patasi na randa. Mimi naanza kwa kutoa randa mbili na seti ya misasa ya kunolea, na nitakuja Jumamosi mbili kila muhula kuwaonyesha namna ya kunoa.

Mtaniuliza habari za mama. Nilimtengenezea kiti cha pili, cha tundu na ulimi, bila msumari hata mmoja. Kilinichukua wiki tatu. Kabla ya kukikalia alikitikisa kwa mkono wake mzima, huku na huku, kwa muda mrefu, nami nimesimama kama mwanafunzi anayesubiri alama zake. Kisha akakaa. Vanishi nilikuwa bado sijapaka. Anakikalia mpaka leo.