TUWAHESABU NA WATOTO WASIOFIKA KWENYE MTIHANI

*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE*

Haya ni maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanachama, Jumapili. Tunayatuma kwa ajili ya walio machimboni, mashambani na safarini. Ukimaliza, msomee na jirani asiye na simu.



Leo sitazungumzia uchaguzi wala kadi. Nina jambo moja tu, nalo ni la watoto wetu.

Matokeo ya darasa la saba na kidato cha nne yakitoka, simu zetu hapa Kahama hujaa orodha. Mkoa huu umekuwa wa ngapi, halmashauri ile imepanda, ile imeshuka. Wa Shinyanga wanawatania wa Geita, na wa Geita wanajibu. Mwaka jana hata sisi tulishangilia kusikia ufaulu wa shule yetu moja umepanda. Nilisimama hapa hapa nikawapongeza. Mkutano ulipokwisha mama mmoja akanifuata, akaniuliza: "Katibu, na mwanangu yumo kwenye hiyo asilimia?"

Hakuwemo. Aliacha shule darasa la tano, yuko kwenye karasha anabeba mawe. Hakufaulu na hakufeli. Hakuhesabiwa kabisa. Swali lile limenisumbua mwaka mzima.

Ndugu zangu, asilimia inayotangazwa ni ya waliofanya mtihani. Tuchukue mfano wa kuhesabia tu. Shule ya kwanza iliandikisha watoto 100 darasa la kwanza. Njiani wakapotea 40: wengine kuchunga, wengine machimboni, wengine wakaozwa. Waliobaki 60 wakafanya mtihani, wakafaulu 48. Tangazo litasema asilimia 80. Shule ya pili nayo iliandikisha 100, ikawashikilia 90 mpaka mwisho, wakafaulu 63. Tangazo litasema asilimia 70. Kwenye orodha, ya kwanza iko juu. Lakini ya pili imevusha watoto 15 zaidi.

Wachimbaji mnalijua hili kuliko mimi. Mtu akiokota jiwe linalong'aa peke yake akalipeleka maabara, atapewa karatasi nzuri sana. Wewe ukinunua duara lake kwa karatasi ile, utalia.

*Kipimo chenyewe nacho tukiangalie.* Neno "ufaulu" si moja. Darasa la saba, aliyefaulu ni mwenye wastani wa A, B au C. Kidato cha nne, hata divisheni ya nne inaingia kwenye ufaulu, wakati kwenda kidato cha tano kunataka angalau C tatu. Kwa hiyo ukisikia asilimia kubwa ya kidato cha nne, uliza: wangapi wamepata divisheni ya kwanza hadi ya tatu?

Na rula imebadilishwa mara kadhaa. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalikuwa mabaya kiasi kwamba Serikali iliunda tume, na mwaka 2013 yakapangwa upya. Baadaye tukaletewa mfumo wa GPA, na mwaka 2016 tukarudishwa kwenye divisheni. Mipaka nayo ilibadilika. Mkoa wa Geita ulianza 2012, ukachukua Bukombe na Mbogwe kutoka kwetu, huku Bariadi, Maswa na Meatu zikienda Simiyu. Shinyanga ya 2011 si Shinyanga ya leo. Anayelinganisha miaka hiyo bila kueleza haya anatuchanganya.

Mwanzoni mwa 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora. Naona lilifanya vizuri. Lakini mashindano ya mikoa na halmashauri bado yapo vikaoni, na mzigo humwangukia mwalimu. Tukumbuke ya jirani zetu wa Bukoba mwaka 2009: Mkuu wa Wilaya aliamuru walimu wachapwe viboko kwa sababu ya matokeo mabaya, Rais akamwondoa kazini. Siku hizi fimbo hakuna, lakini aibu ipo. Na mwalimu anayeogopa aibu hatamtafuta mtoto mzito aliyetoroka. Atashukuru kwamba ameondoka.

Sisemi tuache kupima. Bila kipimo, mtoto anafika darasa la saba hajui kusoma na hakuna anayeshtuka. Nasema tupime kwa haki. Kuna mfano hapa nchini. Tangu 2010, Uwezo walipita majumbani wakiwapima watoto kusoma na kuhesabu kwa kiwango cha darasa la pili, wanaosoma shule na wasiosoma. Ukipima nyumbani, aliyepotea anaonekana.

Tena anayepima aweke mezani na alichotoa. Tangu elimu bila ada ianze 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Kiwango cha mwalimu mmoja ni wanafunzi 45. Halmashauri zenye migodi mikubwa, kama Msalala na za Geita, hupata ushuru wa huduma kutokana na mauzo ya mgodi, pamoja na fedha za wajibu wa mgodi kwa jamii. Basi halmashauri nayo ipewe alama: fedha ile imeleta madawati na nyumba za walimu ngapi?

*Tawi linaagiza yafuatayo:*

1. Kila kiongozi wa shina aandike watoto wote wenye umri wa shule, nyumba kwa nyumba, na mahali walipo sasa. Orodha isisambazwe kwenye makundi. Iletwe kwa Katibu.

2. Kwenye kikao cha wazazi tuulize namba nne: walioanza darasa la kwanza, waliofanya mtihani, waliofaulu, na walimu waliopo.

3. Mzazi anayemwambia mtoto aharibu mtihani ili asipangiwe sekondari, akachunge au aolewe, asitegemee kufichwa na tawi hili. Hata akiwa kiongozi.

4. Hakuna mwanachama kumtukana mwalimu kwa ajili ya orodha ya simu.

Yule mtoto wa karasha ana miaka 13. Nimeongea na mama yake na mwalimu mkuu, na mwalimu amekubali kumpokea. Bado tunabishana na mwenye karasha. Kikao kijacho nitawaeleza tumefikia wapi, na kila shina litaleta yake.



_Katibu wa Tawi_