Somo la Kuanguka

Kijana mmoja wa Kawe alinijia akiwa na uchungu moyoni. Katika mazoezi ya judo alikuwa hodari. Lakini siku ya mtihani wa mkanda, mbele ya macho ya watu, mikono ilimtetemeka, akasahau yote. “Padre,” akasema, “naona haya kurudi.”

Nikamwuliza, “Somo lako la kwanza lilikuwa lipi?” Akajibu, “Kuanguka.”

Naam. Tangu Jigoro Kano aanzishe judo huko Tokyo mwaka 1882, mwanafunzi hufundishwa kwanza kuanguka: avute kidevu kifuani, apige mkeka kwa mkono, kisha ainuke. Aogopaye kuanguka hukakamaa, na aliyekakamaa ndiye aumiaye.

Ndugu zangu, hofu ya macho ya watu hutukakamaza nasi. Petro alitetemeka mbele ya kijakazi, akamkana Bwana wake. Akalia kwa uchungu, lakini hakubaki chini. Naye Bwana akamkabidhi kondoo wake.

Kijana yule amerudi mkekani. Mkanda bado hajaupata. Nawe uliyeshindwa mbele za watu, inuka, urudi. Amina.