Yubile Ilitangazwa Siku ya Upatanisho



Tumepewa dakika chache tuseme neno kwa niaba ya kwaya katika sherehe hii ya miaka 25. Habari za waanzilishi, safari na mashindano zimo katika kurasa nyingine za kijitabu hiki, kwa hivyo hatutazirudia. Tungependa kuzungumza juu ya upendo, yaani vile tunavyoishi sisi kwa sisi tukishavua sare.

Neno yubile tumelitoa katika Mambo ya Walawi sura ya 25. Wana wa Israeli waliambiwa wahesabu miaka saba mara saba, kisha mwaka wa 50 utakaswe. Mwaka huo aliyeuza shamba kwa umaskini alirudishiwa, na aliyejiuza kuwa mtumishi alirudi kwa jamaa yake. Sisi tumefika nusu ya hesabu hiyo tu, lakini hatukuona vibaya kula keki mapema. Kuna jambo katika sura hiyo ambalo wengi hulipita: baragumu ya yubile ilipigwa siku ya 10 ya mwezi wa saba, ambayo ni Siku ya Upatanisho. Watu walipatanishwa na Mungu wao, na siku iyo hiyo ikatangazwa kwamba kila mtu arudi nyumbani kwake.

Tuje kwa Paulo. Sura ya 13 ya Wakorintho wa Kwanza tumeisikia katika harusi nyingi mpaka watu wanadhani iliandikiwa maharusi. Paulo aliandikia kanisa lililokuwa likigombana. Isomeni barua yote mkifika nyumbani. Katika sura ya 1 wamegawanyika, hawa ni wa Paulo, hawa wa Apolo, hawa wa Kefa. Katika sura ya 6 ndugu anampeleka ndugu mahakamani. Katika sura ya 11 wanakuja kwenye Meza ya Bwana, mmoja amelewa na mwingine ana njaa. Sura ya 12 ni vipawa, ya 14 ni utaratibu wa ibada, na hapo kuimba kumetajwa kabisa. Sura ya upendo imewekwa katikati ya hizo mbili. Kwa hivyo, wanakwaya wenzetu, tulioandikiwa kwanza ni sisi, watu wa vipawa na zamu na nani asimame mbele.

Katika kwaya hii tumeuona upendo huo ukifanya kazi. Mwenzetu alipoachishwa kazi na hakuweza kulipia sare, watu wawili walimlipia, na mpaka leo mweka hazina hajatuambia ni kina nani. Tulipofiwa, sauti ya nne walichimba kaburi na sauti ya kwanza wakapika, na hakuna aliyesubiri barua ya katibu.

Lakini pia kuna viti vilivyobaki wazi. Wengi mnajua kwamba wakati wa maandalizi ya kurekodi kulitokea maneno juu ya michango. Kundi la WhatsApp lilichafuka, na baadhi ya wenzetu wakatoka, kwanza kwenye kundi, halafu kwenye kwaya. Hesabu zilisomwa mbele ya mkutano mkuu, zikalingana, zikapitishwa. Ila hesabu kulingana hakumponyi mtu aliyeitwa mwizi mbele ya watoto wake.

Bwana Yesu alifundisha, katika Mathayo 5, kwamba ukifika madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana jambo dhidi yako, uiache sadaka pale pale uende ukapatane naye. Hakuuliza kwanza nani mwenye makosa. Na sadaka ya kwaya ni wimbo. Ndiyo maana mkutano uliamua kwamba kabla ya siku ya leo tutembee wawili wawili, nyumba kwa nyumba, kwa kila aliyeondoka. Pahali pengine tulipikiwa chai. Pahali pengine tuliongelea langoni, na hata hapo tulishukuru. Baadhi yenu mko nasi hapa leo, tumewaona.

Jambo moja zaidi, nalo si rahisi kulisema kwenye sherehe. Kwa sababu Paulo anasema upendo huvumilia, kuna dada zetu, na ndugu pia, wanaopigwa nyumbani na kuambiwa waombe tu, wavumilie. Hilo si somo la sura ile. Mstari wa 6 unaonyesha wazi kwamba upendo hauwezi kushangilia uovu. Kenya ina sheria ya mwaka 2015 inayomlinda mtu dhidi ya ukatili wa nyumbani, na mahakama inaweza kumkataza anayepiga asimkaribie anayepigwa. Nambari ya usaidizi ni 1195, na kupiga simu ni bure. Mwanakwaya akija kwa mazoezi amejifunga kitambaa kuficha jicho, tusimwimbie pambio. Tumkalishe chini, tumsikilize, tumsindikize anakotaka kwenda. Siri yake isiwe habari ya kundi.

Tunamshukuru mwalimu wetu wa kwaya kwa uvumilivu wake, hasa kwa sauti ya tatu. Tunawashukuru nyote mliochanga, mliopika na mliopanga viti.

Kwa wenzetu tuliowatembelea: sare zenu zimefuliwa, ziko kabatini ofisini. Mazoezi bado ni Jumamosi saa nane mchana, na wimbo tunaoanza wiki hii ni mpya kwa kila mtu, kwa hivyo hakuna atakayekuwa amechelewa.