PICHA YA MTU NA PICHA YA NAFSI YAKO
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Njombe na Makambako)



Twataka kusema machache juu ya kupiga picha za watu. Huenda baadhi yenu mwauliza, jambo hili lahusu nini chama cha watumishi? Sababu ni hii.

Mwenzetu mmoja alipofariki, jamaa zake walitafuta picha ya kuweka kando ya jeneza. Miaka aliyotumika ilikuwa mingi, lakini picha iliyopatikana ilikuwa moja tu, ile ndogo ya kitambulisho cha kazi. Ilipokuzwa, uso ukafifia, na mama yake akasema, "Huyu simjui." Neno lile lilituchoma. Sisi tuhamishwao huku na huku twaishi mbali na watupendao. Basi yatupasa kuwaachia uso wanaoujua.

Yuko mpiga picha Samuel Fosso, aliyezaliwa Kameruni mwaka 1962. Alifungua studio mjini Bangui mwaka 1975, naye ana umri wa miaka 13. Mchana alipiga picha za wateja. Kazi ikiisha na filamu ikibaki kidogo, alijipiga mwenyewe kwa mavazi na mikao aliyoibuni, na nyingine akampelekea bibi yake Nigeria, apate kujua kuwa yu mzima. Mabaki yale ya filamu ndiyo yaliyompa sifa ulimwenguni.

Basi anayeanza hana haja ya chombo cha gharama. Simu ya mkononi yatosha. Kinachotakiwa ni kuujua mwanga. Hapa Njombe, yapata mita 2,000 juu ya bahari, ukungu wa asubuhi ni rafiki yetu: huutawanya mwanga kama kitambaa cheupe, uso usiwe na vivuli vikali. Kule Makambako, penye njia panda ya Songea, jua la saa sita hutia weusi machoni na upepo huvuruga mitandio. Mtu na asimame barazani au kando ya dirisha, uso ukielekea nje. Msiweke mbingu nyeupe nyuma yake, maana kamera hupima weupe ule ikautia uso giza, na sisi wenye ngozi nyeusi ndio tupotezao zaidi. Gusa uso juu ya kioo cha simu, ipime hapo. Wala usimkaribie mno, pua isije ikakua kupita kiasi; hatua mbili au tatu zafaa.

Omba ruhusa kwanza, kisha ipe mikono kazi. Mama wa sokoni na apange viazi vyake. Mchuma chai na ashike kikapu. Karani na afungue jalada, ila lisiwe la siri za Serikali.

Ama picha ya nafsi yako, usinyoshe mkono tu. Itegemeze simu dirishani kwa kitabu. Simamisha ufagio mahali utakaposimama, lenga hapo, fungua ile saa ya kuhesabu sekunde 10, kisha nenda ukautoe ufagio ukasimame wewe. Sisi tulipojaribu mara ya kwanza tulionekana wakali kama wakaguzi wa hesabu. Mara ya kumi na mbili ndipo uso ulipolegea. Aliyeionja taabu hiyo huwa mpole kwa wengine wasimamapo mbele yake.

Mwisho, picha na ichapishwe katika karatasi, kwa kuwa simu huibwa na huvunjika. Nyuma yake andika kwa penseli jina, mahali na tarehe. Kazi hiyo makarani hatuhitaji kufundishwa.

Ombi letu ni moja. Mkutano ujao kila mwanachama na alete picha mbili: moja ya nafsi yake, na moja ya mzazi au mlezi wake. Asiye na mzazi karibu na ampelekee ile ya kwanza, kabla hajaulizwa yuko wapi.